Bega la Paka wa Mama

Niliondoka kijijini kwetu Kimulot kwa sababu ya hasira zangu. Siku moja kabla yake niliona kitu kikirukia nyama iliyokuwa inakaushwa jikoni kwa mama, nikatupa ukuni bila kuuliza. Kumbe ni Pusi, paka wake. Tangu baba afariki, huyo ndiye mama anayeongea naye jioni nzima. Mguu wa mbele ulining'inia kama mkono wa koti. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Umemuumiza wewe. Mpeleke wewe."

Nikaenda ofisi ya kiwanda cha chai kumpigia simu daktari wa mifugo, Kericho. "Mlete kesho," akasema, "na tangu usiku asile wala asinywe kitu."

Alfajiri nilimtia Pusi kwenye kikapu cha kuchumia chai, nikakifunga kwa leso, nikapanda pikapu ya maziwa hadi Litein. Barabara ilikuwa matope tupu. Kila tuliporuka shimo paka alilia, nami nikamlaani dereva kimoyomoyo, kana kwamba ndiye aliyetupa ukuni.

Litein, saa mbili. Nilimwacha kwa shangazi, dada ya baba, nikatoka kutafuta gari la mjini. Niliporudi, paka alikuwa analamba midomo.

"Shangazi, umempa nini?"

"Maziwa kidogo tu. Mgeni atoke kwangu na njaa, watu watasema nini?"

Nilitaka kupasuka. Lakini utamfokea vipi mtu kwa ukarimu wake?

Kericho, saa nne. Daktari Ouma, mtu mrefu wa upande wa ziwa, alimpapasa taratibu. Kiungo cha bega kimetoka mahali pake, akasema, na kano zimekatika. Bandeji haitasaidia, lazima apasue, akirudishe, ashone. "Na iwe leo. Kesho nasafiri wiki mbili. Misuli ikishakaza hivyo, mguu tutaukata. Hajala?"

"Hajala," nikajibu.

Uongo ulinitoka kabla sijafikiri. Nilikuwa naogopa ataniambia nirudi nyumbani. Akamnyoa bega, akavuta dawa ya usingizi kwenye sindano. Nikamshika daktari mkono.

"Daktari, amekunywa maziwa. Saa mbili."

Akaiweka sindano chini.

"Angetapika akiwa amelala," akasema, "maziwa yaingie kwenye mapafu. Ungebeba maiti, bwana." Akatazama saa. "Keti hapo. Tutangoja hadi saa kumi."

Nilikaa kwenye benchi bila kutia kitu mdomoni, adhabu niliyojipa mwenyewe. Saa kumi mlango wa chumba cha upasuaji ulifungwa. Saa kumi na moja na nusu daktari akatoka akifuta mikono. "Yuko hai. Atachechemea kidogo."

Kesho yake nilirudi nimekumbatia kikapu. Kwa shangazi nilipita bila kusimama, Mungu anisamehe.

Safari ile ilinifunza kwamba daktari hutibu kile ulichomwambia. Bega nalo lilishika vizuri, na Pusi hukamata panya kama zamani. Ila nikiingia jikoni kwa mama, paka hushuka mapajani mwa mama na kutoka nje.

"Mpe muda," mama husema.

Huu ni mwaka wa tatu.