Daftari Tatu za Viateur

Mchana ule Viateur alipomvunja mkewe mkono kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mimi Murekatete, jirani yao hapa Nengo, nilikuwa wa kwanza kuingia uani. Nilimpiga jiwe la bega. Wala hakugeuka. Wanaume wawili walimwangusha, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatema damu, wakamfunga kwa kamba yake mwenyewe ya ng'ombe. Sikuwazuia. Nasema kweli, nilitaka afe.

Na huyo alikuwa mchinjaji mpole. Alinunua ng'ombe kule Bugeshi, akachinja upesi wasiteseke, na kwa miaka kumi na tisa sikumsikia akimfokea mkewe Mukamusoni. Kisha ukaja ugonjwa wa sukari, ikaja presha, moyo ukalegea, miguu ikavimba, figo zikachoka. Akawa na daftari tatu za matibabu kwa wauguzi watatu, wa sukari, wa moyo na wa figo, kila mmoja na siku yake. Aliona ni kukosa adabu kumwonyesha mmoja karatasi za mwenzake, basi kila muuguzi akaona yake tu.

Mwaka huu alianza kulowa jasho kabla ya chakula, akipindua meza na kuvunja sahani akitaka sukari. Nilimwambia Mukamusoni aifungie kabatini, si wauguzi wamemkataza? Ufunguo nikauweka mimi, asije akamnyang'anya. Siku ile alipomvunja mkono, ufunguo huo ndio aliokuwa akiudai.

Tulimbeba na kamba zake hadi kituo cha afya, atulizwe kwanza, polisi baadaye. Muuguzi Shyaka alimtoboa kidole, akakitazama kipimo, akamdunga maji ya sukari mshipani bila kutuuliza kitu. Kisha akadai daftari zote, akazifungua pamoja mezani.

"Figo zake haziwezi tena kutoa hii dawa ya kushusha sukari," akasema. "Donc, basi, inabakia mu damu, sukari inaanguka sana, akili inapotea. Ile sukari aliomba ndiyo ilikuwa dawa yake."

Viateur akafumbua macho. Hakuuliza kuhusu kamba, wala mbavu zake. Aliuona mkono wa mkewe umefungwa kwa kitenge.

"Mama Igihozo," akasema polepole, "ni nani alikuvunja mukono?"

Mukamusoni alinigeukia mimi, akaninyooshea mkono wake mzima, akataka ufunguo wa kabati la sukari.