Unga wa Kijivu na Maji ya Manjano

Likizo ndefu ilipoanza, wenzake wengi walikwenda kupumzika. Yeye, binti wa fundi cherehani, alikwenda na wanafunzi wengine wachache kujifunza utafiti kwenye maabara ya chuo. Alipewa kazi ya kutengeneza kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali pasipo chenyewe kuliwa. Mjomba wake aliposikia alicheka: "Kinasukuma mambo ya wenzake, chenyewe hakiishi? Basi huyo ni mama yako."

Mwisho wa likizo angebakizwa mwanafunzi mmoja tu kuendelea na utafiti, na binti aliitaka nafasi ile kama mgonjwa anavyoutaka usingizi. Akasaga, akachuja, akaoka, mpaka akapata unga wa kijivu. Alipoutia kwenye maji ya manjano, kisumaku cha kukorogea kikizunguka ndani ya chupa, manjano yalifutika, maji yakabaki safi kama ya mvua. Akarudia, ikawa vilevile.

Mwalimu wake alikuwa amezeeka akitafuta namna ya kuharakisha mambo, ingawa mwenyewe alitembea kwa kukokota miguu. Alitazama, akasema, "Sasa rudia bila unga."

"Bila unga, Mwalimu? Si hakutatokea kitu."

"Basi nenda ukaone kitu kisivyotokea."

Akaenda amenuna. Akamimina maji, akatumbukiza kisumaku, unga akauacha mezani. Manjano yakafutika palepale.

Alisimama kama bibi harusi aliyekuta harusi yake inaendelea bila yeye. Angeweza kumwaga yale maji, hakuna aliyeona. Lakini aliibeba chupa mpaka kwa mwalimu.

"Mwalimu, unga wangu hauna kazi."

Mwalimu alikitoa kisumaku, akakigeuzageuza penye mwanga. Juu ya ganda lake jeupe palikuwa na madoa meusi, mabaki ya metali za majaribio ya watu waliopita. Kumbe uchafu ndio uliokuwa ukichapa kazi.

"Ulikitoa wapi hiki?"

"Kwenye droo, Mwalimu. Tunakochukua sote."

Mwalimu akaenda kuichungulia droo. Naye majaribio yake, hata yale aliyokaribia kuyachapisha, yalikorogwa na visumaku vya droo ileile.

"Wenzako wote wa hapa maabara niliwaambia warudie bila unga," akasema hatimaye. "Wote wamenijibu kwamba bila unga hakutokei kitu. Utabaki wewe."

Kabla binti hajapata la kushukuru, droo nzima ilishatua mbele yake pamoja na chupa ya asidi.

"Utafiti wako ndio huu, mwanangu. Anza kuosha."

Kisha mzee akavuta kiti, akavaa glavu, akaanza kutafuta visumaku alivyotumia yeye.