Miwani ya Spoku

Kwa miaka yote niliyoishi na mke wangu, sikuwa nimewahi kuutazama uso wa mama yake. Najua kuna watakaocheka. Hata hapa Bariadi mjini wapo vijana wanaokula meza moja na mama wakwe zao na kupiga nao picha. Lakini ukoo wa mke wangu ni wa kule Zagayu, watu wa pamba na kanisa, na kwenye suala la ukwe hawana mchezo. Nikimwona anakuja njiani, nakatiza shambani kwa watu mpaka apite. Nikienda kwake nakaa upande wa pili wa nyumba, na salamu zetu anazibeba mke wangu, anazipeleka na kuzirudisha. Sauti yake naijua. Mgongo wake naujua vizuri sana. Uso wake niliukisia tu kwa kumtazama binti yake.

Mtu huyo ndiye niliyetakiwa kumtengenezea miwani.

Alipasuliwa mtoto wa jicho zamani, macho yote mawili, enzi ambazo walikuwa wanatoa kile kilichoharibika ndani ya jicho bila kuweka kingine, kisha wanakupa miwani yenye vioo vinene. Bila vioo hivyo aliona mwanga na vivuli, basi. Fremu yake ilikuwa ya plastiki, na siku moja wakati wa kuvuna pamba aliinama kumsalimia mzee mmoja njiani, ikamtoka puani ikaanguka. Yule mzee, ambaye naye macho yake si ya kusifiwa, akaikanyaga. Vioo vilipona, fremu ikabaki vipande. Duka la miwani walituambia vioo vizito namna ile havikai kwenye fremu yoyote waliyokuwa nayo, tujaribu Mwanza, na huenda vikatakiwa vipya. Mashemeji zangu wakasema watalifikiria. Wakiwa bado wanafikiria, mama akakanyaga kaa la moto jikoni kwake, akaungua mguu.

Hapo ndipo maneno ya Lamadi yalipoanza. Shemeji yangu mkubwa anafanya biashara ya dagaa Lamadi, ana nyumba kando ya barabara kuu, akataka mama ahamie kwake na shamba likodishwe. Mama hakutaka. Alitaka kubaki kwenye mji wake, pale alipomzika mumewe, hata kwa miaka michache tu. Daktari alikwisha kumwambia kwamba juu ya yote ana presha ya macho, na kwamba ule uoni uliobaki utakwisha taratibu, dawa au bila dawa. Kwa hiyo hakuwa anaomba kupona. Alikuwa anaomba asihamishwe kabla ya wakati. Baba mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akaamua kwamba pamba ikishauzwa kutakuwa na kikao. Mama akionekana anajimudu, atabaki. Asipojimudu, ataenda.

Mke wangu akaja kwenye kibanda changu na vile vioo amevifunga kwenye kipande cha kitenge. Mimi ni fundi baiskeli. Akaniambia kama naweza kunyoosha rimu iliyopigwa na lori, siwezi kushindwa na kitu cha kukaa puani.

Nilishindwa mara nyingi sana, na niseme ukweli, nilifurahia kushindwa kule. Spoku, ile njiti ya chuma ya gurudumu, ni ngumu na ina msimamo, inafaa kwa mikono ya miwani na kwa kile kidaraja cha juu ya pua. Lakini huwezi kuizungusha kwenye kioo, inapasua. Nikafumua waya wa breki, nikachukua nyuzi zake nyembamba. Vioo vile vilikuwa na kijimgongo kimezunguka ukingoni, basi nikapitisha uzi mmoja mbele ya mgongo na mwingine nyuma yake, nikazisokota ncha pamoja, na kioo kikabanwa bila gundi wala skrubu. Skrubu sizipendi. Skrubu ya miwani ikianguka kwenye vumbi la Simiyu umeagana nayo.

Nikatazama na pua za watu. Hilo watu wa kibandani walinisema sana, maana nilikuwa naongea na mteja huku nakodolea pua yake. Niligundua kwamba fremu za dukani zimepimwa kwenye pua nyembamba zilizosimama, ndiyo maana kwetu zinateleza kila saa. Kidaraja changu nilikikunja chini na kwa upana, nikakivisha kale kampira kembamba kanakovalishwa vali ya baiskeli ili kasikwaruze ngozi. Ncha za mikono nikazikunja nusu duara, zishike nyuma ya masikio. Mwanamke wa kwetu anapiga magoti kusalimia, anainama kupalilia, anainama kuokota pamba. Miwani isiyojua kuinama haimfai. Nilimpa mke wangu aivae bila vioo na kumwambia apige magoti na kutikisa kichwa, akafanya hivyo huku akinicheka, na haikutoka.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Vioo vinene haviwekwi popote. Katikati ya kioo lazima pawe mbele ya mboni ya jicho, na hilo nililijua kwa sababu nilivishika vile vioo na kuona jinsi dunia inavyohama ukivisogeza kidogo. Fundi mwingine yeyote angekaa mbele ya mteja wake, akamwangalia machoni na kupima. Mimi nilimtuma mke wangu na uzi. Nikamwelekeza aunyooshe mbele ya macho ya mama, kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya nyingine, afunge mafundo mawili. Alirudi na uzi, nikaunga fremu kwa kipimo hicho, nikatia lehemu, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Mke wangu akaipeleka.

Jibu lililorudi lilikuwa zuri mno. Mama anashukuru, mama anaona, mama amesema mkwe ana mikono ya baraka. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Hakuna mtu aliyeniambia, na mimi mwenyewe sikukumbuka, kwamba mwanamke wa ukoo ule hawezi kuikosoa zawadi iliyotoka kwa mkwe wake. Ningempelekea miwani ya udongo angeshukuru vilevile.

Siku ya kikao tulikaa uani kwake. Wanaume tulikuwa kwenye viti, mimi pembeni kabisa, bega nimempa mama kama inavyotakiwa. Baba mdogo aliongea kwa kuzunguka, akasifia maisha ya marehemu kaka yake, akasifia pamba ya mwaka ule ingawa haikuwa ya kusifiwa. Kisha akasema ana kiu. Akamwomba shemeji yake, yaani mama, awamiminie wageni chai. Kila mtu alielewa kwamba huo ndio mtihani.

Nilisikia vikombe vikipangwa kwenye sinia. Nikasikia chai ikimiminwa, na kwa sauti yake nikajua haiingii kwenye kikombe. Nikageuza macho kwa pembeni, sikujizuia, nikaona upande mmoja tu wa uso wake. Mama alikuwa ameshika birika kwa utulivu kabisa na anamimina chai kwenye kikombe ambacho hakikuwepo, kando ya kile kilichokuwepo. Alipohisi moto wa chai mkononi akafumba jicho la upande wangu, akasogeza birika, na safari hii akakipata kikombe sawasawa.

Alipofumba jicho moja nikaelewa. Alikuwa anaona viwili viwili. Vioo vyangu vilikuwa vimekaribiana mno, kila jicho linavutwa upande wake. Nikamnong'oneza mke wangu: siku ile ya kupima, mama alikuwa anaangalia wapi? Akasema alikuwa anamwangalia yeye, wamekaa magoti kwa magoti, wanaongea. Nikamnyooshea kidole mbele ya uso wake nikakisogeza karibu, nikaona mboni zake zikikaribiana. Ukitazama kitu cha karibu, macho yanasogeleana. Uzi ule ulikuwa umepima mazungumzo ya mama na mwanawe. Ilitakiwa atazame mbali, kwenye miti.

Nilisimama, jambo ambalo mkwe hafanyi kwenye kikao cha ukoo. Nikasema kosa si la macho ya mama, ni la miwani, na kwamba wakinipa muda mfupi tu nitaipanua pale katikati na ataona. Nilikuwa na plaizi mfukoni. Huwa natembea nayo.

Baba mdogo hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniuliza taratibu, "Utaipanua ikiwa wapi, mkwe? Ikiwa usoni kwake?"

Kuipanua bila kumtazama machoni ilikuwa kubahatisha tena. Ilitakiwa nikae mbele yake, nimshike kidevu, nimwambie atazame mbali, nipanue, nitazame, nipanue tena kidogo. Mtu yeyote pale angeweza kusema ruksa. Walikuwepo wanakwaya, alikuwepo mzee wa kanisa. Wote waliangalia chini. Mama mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa kanga tangu niliposimama.

Basi tukafanya kichekesho ambacho mpaka leo nikikikumbuka nakasirika. Mimi nilikaa nimegeukia ukuta wa jiko. Mke wangu alikaa mbele ya mama na plaizi yangu. Nikawa natoa maelekezo kwa ukuta: mwambie atazame ile miti, mboni iko wapi kwenye kioo, bana hapo, vuta kidogo, kidogo nimesema. Mke wangu anajua kushona, anajua kupika, anajua kunivumilia, lakini chuma hakijui. Alivuta sana. Nikasema rudisha. Akarudisha sana. Mama alikuwa anasema tu, "Inatosha, mwanangu, naona, inatosha," na kwa sauti ile nilijua haoni chochote. Spoku ukiikunja inatii, ukiirudisha inavumilia, ukiikunja tena palepale inakatika. Niliisikia ikikatika. Ni sauti ndogo, lakini mimi naisikia kila siku kazini, siwezi kuikosea.

Kisha shemeji mkubwa akasema gari la Lamadi lipo kesho asubuhi.

Nilitengeneza nyingine. Safari hii mke wangu alienda Lamadi na uzi, akamsimamisha mama mlangoni na kumwambia atazame mbali, na mbali kwenyewe ni ng'ambo ya barabara, wanakopanga matunda. Fremu ile ilikaa sawasawa. Najua kwa sababu safari hii mama hakushukuru sana. Alisema tu kwamba malori ni mengi. Aliivaa siku chache, halafu akaikunja kwenye kitambaa na kuiweka chini ya mto, na mke wangu alipomuuliza akajibu kwamba pale hakuna anachokitafuta kwa macho. Kule Zagayu aliyekodi shamba alilima mpaka mlangoni. Nyumba isiyo na moto haikai, na mvua za mwaka uliofuata ziliuangusha ukuta wa nyuma. Kaburi la mumewe liko katikati ya pamba ya mtu mwingine. Sijui nani alitakiwa amwambie mama, ila mimi sikuweza, na kisingizio changu kilikuwa kilekile cha ukwe.

Uoni wake ulikwisha kama daktari alivyosema, mapema kidogo kuliko alivyosema. Tulienda kumwona, mke wangu na mimi. Nikakaa uani, nimeupa mgongo mlango, kama kawaida yangu. Nikamsikia akimuuliza binti yake nimekaa wapi. Kisha akaniita mwenyewe, moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ingia ndani, mkwe," akasema. "Kaa hapa mbele yangu. Mimi sikuoni tena, ya nini kuendelea kujificha?"

Nilimtazama mke wangu, naye akanifanyia ishara niingie. Nikaingia nikakaa kwenye kigoda, magoti yangu karibu yaguse ya kwake. Hafanani na binti yake hata kidogo. Ana uso mdogo, sikio la kushoto liko juu kuliko la kulia, na macho yake yameachana zaidi ya nilivyowahi kufikiria. Nilihitaji kumtazama kwa muda wa kumeza mate tu, nikajua ile fremu ya kwanza ilitakiwa iweje, mikono yake, kidaraja chake, kila mkunjo.

Akanyoosha mkono hewani akitafuta wangu, nikampa. Aliniuliza kama pamba imechipua kwake kule Zagayu. Nikamwambia imechipua vizuri.