Mahali pa Kuvuta Pumzi

Mapafu yangu yalipougua, kitu cha kwanza kunitoka kilikuwa zile aya ndefu. Nilirudi kutoka hospitali nikiwa natembea, nakula, napanda ngazi za nyumbani kwetu mtaa wa Saint-Josse, huku Ulaya, kwa kupumzika mara moja tu katikati, na kwa hayo yote namshukuru Mungu. Lakini nikishika msahafu, aya ambazo tangu ujana wangu kule Bujumbura nilizisoma kwa pumzi moja zilikuwa zinanikatikia njiani.

Mimi ni mwalimu wa Kurani. Kila Jumamosi nafundisha watoto wa Kirundi na wa Kikongo katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa. Darasa langu la wakubwa lilikuwa limebakiza kidogo kuhitimu, na kwetu mwalimu aliyewaanzisha watoto kwa alifu ndiye anayesoma mbele ya wazazi siku ya khitima yao, wanapomaliza Kurani. Nilikuwa na miezi michache ya kutafuta pumzi ya siku hiyo.

Kine wangu, ndivyo tunavyowaita hapa wataalamu wa mazoezi ya mwili, ni binti wa watu wa Bukavu. Alikuwa amenipa mrija wa kupulizia ndani ya chupa ya maji, asubuhi na jioni. Baada ya muda akaniona nimechoka.

"Bon, papa," akasema, "hii chupa imekushinda. Uimbe, ao upige hata filimbi."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alimjua mama mmoja wa Ayalandi, mfasiri mstaafu, anayefundisha filimbi ya mbao ya kwao katika nyumba yake karibu na Chaussée d'Ixelles. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Walimu walionilea waliruhusu dufu tu. Juu ya filimbi wanazuoni wamebishana tangu zamani, na walimu wangu walikuwa upande wa wanaokataza. Nikaswali, nikaomba nionyeshwe njia. Mwisho nikajiambia kuwa hii ni dawa, nikaenda. Sitadai kwamba moyo ulikuwa umetulia.

Yule mama aliniazima filimbi nyeusi yenye matundu sita ya vidole, nzito kuliko nilivyodhani. Nilipoishika nilijua ni mpingo, nikamwambia kwamba mti huo umetoka upande wetu wa dunia. Alifurahi. Akaniambia basi sisi wawili tutaelewana upesi.

Hatukuelewana upesi. Filimbi hii haipulizwi ndani yake. Unapitisha pumzi juu ya tundu mpaka upepo ugonge ukingo wa pili. Wiki za mwanzo nilitoa hewa tupu, kisha kizunguzungu, na yule mama akanikalisha kwenye kiti. Nyumbani nilifanya mazoezi chumbani nimefunga mlango. Mke wangu alisema anasikia birika ambalo halijaamua kama litachemka.

Sauti ilipokuja, ndipo tatizo lenyewe lilipoanza. Alinifundisha wimbo mmoja wa ngoma za kwao, mfupi, wa kurudiarudia. Kila pumzi iliponiishia nilisimama pale maneno ya wimbo, kama yangekuwapo, yangekamilika, nikavuta hewa, nikarudi nyuma sauti mbili tatu, ndipo nikaendelea. Mwanzoni alidhani nimesahau. Ilipoendelea hivyo akaniuliza kwa nini. Nikamweleza kwamba ndivyo tunavyosoma Kurani. Pumzi ikiisha kabla ya aya, unasimama mwisho wa neno kamili, unarudi mahali ambapo maana inaanza, unaunganisha. Hukati neno katikati. Hutupi herufi.

Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema kwamba muziki huu ni wa watu wanaocheza, na mguu ulioinuka haumngoji mpigaji. Nyimbo zenyewe hazina mahali pa kupumzika. Mpigaji anachagua sauti moja, anaimeza, anavuta hewa katika nafasi ile ile, anasonga mbele. Msikilizaji ataijaza mwenyewe masikioni mwake.

Niliona ni jambo la kutisha kidogo. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba herufi ni amana. Jumapili moja aliwaalika wanafunzi wake wawili wa zamani, wapiga fidla, tupige pamoja sebuleni. Nilirudi nyuma, wao wakaenda mbele, nikabaki peke yangu katikati ya wimbo. Walianza upya bila kulalamika. Nikarudi nyuma tena.

Lakini mtu akirudia kitu kila siku, mwili unakikubali. Nilijifunza kumeza sauti. Kine akapima kifua changu, akafurahi. Nikaanza kupanda ngazi zetu bila kusimama.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Nilikuwa nawasomea wakubwa aya ndefu ili waifuate. Nikahisi pumzi inapungua, na bila kufikiri, katikati ya neno, nikaacha herufi, nikavuta hewa, nikasonga mbele. Ilikwenda laini kabisa. Hakuna mtoto aliyeinua macho. Aliyeinua macho ni mwalimu mwenzangu, aliyekuwa kona ya pili na wadogo. Tumetoka mtaa mmoja Bujumbura, na tumezeeka pamoja hapa. Alingoja mpaka watoto walipoondoka na sisi tunakunja mikeka.

"Mwalimu, leo umekula herufi."

Nikamwambia nami nimelisikia kosa.

"Na hukurudi."

"Sikurudi."

"Mtoto angefanya vile ungemrudisha mwanzo wa sura." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Ni lile bomba lako."

Nilimwomba akae anisikilize. Nikasoma sura ile ile tangu mwanzo, polepole. Aliinua kidole mara mbili. Mara ya kwanza nilijua kosa langu kabla hajainua. Mara ya pili sikujua. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu kosa ambalo mwalimu halisikii ndilo atakalowaachia wanafunzi.

Nikamuuliza kama niache filimbi.

"Usiniulize mimi," akasema. "Lile bomba sikulipenda tangu siku ya kwanza. Nikikwambia uache, utajuaje kama ni dini inayosema ao ni mimi?"

Nilimpelekea yule mama filimbi yake. Alikataa kuipokea. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama siwezi kuyatenga mambo haya mawili, kila moja mahali pake. Nikamwambia labda kijana angeweza. Akanipa kichupa cha mafuta ya kupaka mbao zisipasuke, akaniomba niwe naipiga hata kidogo. Niliipaka mafuta. Sikuipiga. Nikaiweka kabatini, chini ya mashuka.

Tangu hapo, kila siku baada ya swala ya alasiri, nilimsomea mwenzangu kwa simu. Kusimama, kurudi, kuunganisha. Kidogo kidogo makosa yaliondoka. Pumzi nayo iliondoka kidogo kidogo, na ngazi zetu zikaanza tena kunisimamisha katikati. Nikaahirisha miadi ya kine, nikamwambia tuna shughuli za watoto, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini si kweli yote.

Siku ya khitima ukumbi ulijaa. Watoto walivaa kanzu nyeupe na mitandio, harufu ya pilau ikitoka jikoni. Nilisoma. Pumzi ilipoisha nilisimama mwisho wa neno, nikarudi, nikaunganisha. Ikaisha tena, nikarudi tena. Usomaji ukawa mrefu kuliko ulivyotakiwa. Mtoto mchanga alilia akatolewa nje, na baba mmoja mbele yangu alitazama saa yake. Mwenzangu alikaa pembeni, mkono juu ya goti. Kidole hakikuinuka. Alhamdulillahi, hakuna herufi iliyopotea mbele ya watoto wale.

Nilipomaliza waliniletea kiti kabla sijaomba. Mke wangu akaja na maji, akaniangalia navuta hewa, midomo imebadilika rangi.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "Jumanne utamwambia nini kine?"

Nilikunywa maji yote kwanza. Nilikuwa nimeshukuru kwa moyo wangu wote, lakini miadi hiyo nisingeweza kuiahirisha tena. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo ni Jumatatu, kesho ni Jumanne.