Mnywa Damu Aliyempata Punda Wetu

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, nikilelewa na bibi mzaa mama katika kijiji kinachopakana na msitu upande wa Kwale, Salama alipoanza kudhoofika. Salama alikuwa punda wetu jike, aliyetubebea maji. Njia za kisimani zilikuwa mbili. Ile ndefu ilipita mashambani. Ya mkato ilipita ukingoni mwa msitu, na bibi alinikataza kabisa kuipita na mnyama.

"Humo mna mnywa damu," aliniambia. "Haachi kidonda. Mnyama hurudi kwa miguu yake, kisha huisha taratibu mpaka hana kitu."

Nilimwamini, lakini jua lilikuwa kali, nami mvivu. Siku nyingi nilipita ya mkato, nikifika nyumbani najifanya nimetoka ile ndefu.

Basi Salama akaanza kutoa machozi. Manyoya yakamsimama, mbavu zikamtokeza ingawa alikula vizuri. Asubuhi moja akalala uani, akakataa kuinuka. Jirani yetu Bi Mejumaa alimfunua mdomo, akaona ufizi umekuwa mweupe.

"Huyu ameshachukuliwa," akasema. "Mfungueni arudi kwa wenyewe huko msituni, wasije wakageukia watu."

Bibi alikuwa ameshainama kufungua kamba. Nikatoka mbio. Nilijua daktari wa mifugo alikuwa upande wa pili wa kijiji akichanja ng'ombe. Alikuwa mwanamke kijana.

"Shikamoo daktari, punda wetu anakufa!"

"Marahaba mwanangu. Nipeleke."

Alipomtazama Salama, akauliza amekuwa akipita wapi.

"Mashambani tu," bibi akajibu. "Huyu mjukuu wangu ndiye humpeleka."

"Si kweli, bibi. Nimekuwa nikimpitisha msituni, uliponikataza kwa sababu ya mnywa damu asiyeacha kidonda."

Bibi hakunipiga. Alimshika Salama kichwa, daktari apate kumpima. Daktari aliharakisha kufungua sanduku lake. Alimchoma Salama sikioni, akapata tone la damu, akaliweka kwenye kioo, kisha akasimamisha hadubini dirishani penye mwanga. Akaniita. Katikati ya chembe nyekundu niliona vijidudu vyembamba vikijinyonganyonga.

"Vinaletwa na mbung'o," alisema. "Akimuuma mnyama, vinaingia kwenye damu na kuimaliza. Bibi, ulisema kweli. Kitu kipo, kinakaa msituni, na hakiachi kidonda."

Bibi akataka kuona mwenyewe. Alifumba jicho moja, akainama pale kwa muda mrefu.

"Kumbe mdogo hivi!" akasema, na sauti yake haikuwa na hofu hata chembe.

Salama alidungwa sindano. Daktari alituonya kwamba huenda tumechelewa. Siku tano nilimkatia majani mabichi na kumnywesha maji kwa kata. Siku ya sita, alasiri, nikiosha vyombo, nilisikia mlio uliotawanya kuku wote. Bi Mejumaa alikuja mbio, akamkuta Salama amesimama wima anatafuna mkeka wa bibi. Bibi alipiga kigelegele, Bi Mejumaa akakipokea.

Baadaye bibi alishona mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, kama daktari alivyomwelekeza, tukaitundika kando ya msitu. Mbung'o waliponaswa, alimwita kila mpita njia aje awaone.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba siku ile daktari alimshinda bibi. Leo, nikiwa na watoto wangu, siamini hivyo. Waliomtangulia bibi walikuwa wamewatazama wanyama wao wakiisha mmoja mmoja, wakajua ni wapi na kwa namna gani, wakaona waonye kwa maneno waliyokuwa nayo. Daktari alituonyesha uso wa adui waliyekuwa wakimjua. Na mimi, niliyelivunja onyo lao, nilipata bahati ya kusema kweli mapema, punda akiwa bado anapumua.