Kitufe cha Nishike

Irakoze hakutaka kuipenda gemu ile, nayo ikampendeza. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ingekuwa mbovu, kama zilivyo nyingi za namna yake, angeicheka kidogo, angeitupilia mbali, na Jumamosi ingepita salama.

Pale Rumonge, mji wa kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Lakini kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac, na hata ng'ambo ya ziwa kule Uvira, walikuwapo watu wasiojua kama anafundisha. Waliijua sauti yake tu. Kila Jumamosi yeye na mwanamke mwenzake, rafiki yake Taqwa, walijifungia chumba cha nyuma cha duka la simu la Taqwa, wakacheza gemu za vimashine vya mkononi, vile vikuukuu vinavyokuja na mitumba, wakazichambua na kujirekodi. Picha hawakutuma, maana video inakula mega za intaneti, na mega za kuchezea nani anazo? Walituma sauti. Kwa hiyo gemu nzima ilibidi isimuliwe mpaka msikilizaji aione: anayeruka anarukaje, anateleza wapi, kitufe gani kinazembea. Irakoze alikuwa na Kiswahili chepesi cha kambi ya wakimbizi Tanzania, alikozaliwa. Taqwa alikuwa na jicho la kasoro. Ukimtoa mmoja, kipindi hakuna.

Tena walikuwa na sharti, ambalo Irakoze aliliiga kwa wazee wa kilima, kama kule wanavyokiita kijiji, wanaosuluhisha kesi: hakuna kutoa hukumu kabla ya kubadilishana. Umecheza upande huu, hamia upande wa mwenzako, ndipo ufungue mdomo.

Gemu iliyowapa jina ilikuwa ya kurukaruka. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, wasiyoyajua hata herufi, kwa hiyo wahusika waliwabatiza wenyewe. Yule mrefu wa kijani wakamwita Panzi, na yule mdogo anayepanda mgongoni wakamwita Chura. Kaseti zilitoka nne, zote wakazimaliza kwa kupokezana kimashine kimoja, Panzi akifa unampa mwenzako. Panzi alikuwa akiruka jabali hadi jabali na Chura wake mgongoni. Chura akiteleza, unabonyeza kitufe cha ubavuni, Panzi ananyoosha mkono na kumdaka. Taqwa alizoea kupiga kelele, "Nishike!" na kitufe kikapata jina hilo. Kidole gumba cha Irakoze kilikuja kukijua kile kitufe kuliko chaki.

Sasa ilikuja kaseti ya tano, nayo haikuwa ya kurukaruka tena. Sijui nani aliwaza kule inakotengenezwa, lakini aliwachukua Panzi na Chura, akawasimamisha juu ya jabali moja katikati ya maji, akawaambia wapigane. Unahitaji vimashine viwili na waya wa kuviunganisha. Irakoze alipoiona picha ya kwenye kaseti, marafiki wawili wametunishiana misuli, alijisikia vibaya kabisa, na haikuwa kwa sababu ya Panzi.

Ilikuwa kwa sababu ya Jumatatu. Jumatatu hiyo wazee wa kilima wangeshuka Minago, kwenye shamba la michikichi la Mzee Darwesh, baba yake Taqwa. Na aliyewaita alikuwa Leonsi, baba yake Irakoze.

Leonsi alikimbilia Tanzania wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake. Aliporudi, mtu mzima mwenye mvi, hakuitambua ardhi ya kwao. Barabara ilikuwa imehama, michikichi mingine imepandwa, majirani wa zamani hawapo. Alizunguka kilima hadi kilima kwa miaka, watu wakimwona kama aliyechanganyikiwa, mpaka akafika kwenye shamba la Darwesh, akautambua mwamba wa kijitoni alikokuwa akioga. Alisema babu na bibi yake wamezikwa mle ndani, chini ya mparachichi. Mparachichi haukuwepo tena. Darwesh naye hakuwa mwizi. Alilinunua shamba kwa mtu aliyekwisha kufa, kwa jasho lake, na biashara ya Bujumbura ilipomfia mkononi, mawese ya pale ndiyo yaliyolisha nyumba. Aliwaambia wazee kwa upole, "Kaburi sijaona, na wala sijasikia."

Lakini Irakoze alikuwa amesikia. Zamani, kabla baba yake hajalitambua shamba, walikuwa wakicheza kaseti ya tatu ya Panzi, mahali ambapo kuna makaburi usiyotakiwa kuyakanyaga. Taqwa akacheka, akasema huku anaruka, "Iko kama kwetu Minago. Kuna mawe baba alitukatazaga kukanyaga. Alisema kuna watu wamelala pale, wenye shamba." Basi. Wakaendelea kucheza. Neno lile lilimkaa Irakoze kichwani likiwa halina maana yoyote, mpaka likawa na maana yote.

Baba yake hakujua. Alikuwa akikaa mlangoni anakuna kichwa, anasema, "Mwanangu, ningepata mtu mmoja tu wa kuniambia sikuota." Irakoze alikuwa akiinama kwenye madaftari ya wanafunzi. Akisema, amemchoma rafiki yake mgongoni. Asiposema, amemzika baba yake akiwa hai. Alitamani shule impeleke mbali mpaka Jumatatu ipite.

Jumamosi walikutana kama kawaida, ila Taqwa alimkaribisha kiti kama mgeni. Alikuwa amevaa mtandio mweusi na macho yamevimba.

"Amahoro, Ira."

"Amahoro. Tuanze?"

"Tuanze. Watu wanangojea."

Wakaunganisha waya, Irakoze akamchukua Panzi, Taqwa Chura, simu ikaanza kurekodi. Irakoze alikuwa amejiandaa kusema kwamba gemu ni mbovu, na kwamba watu wasipoteze muda. Alitaka iishe upesi. Ila dakika ya tano hivi alijikuta anasimulia kwa raha. Ngumi ya Panzi ilikuwa nzito na ya polepole, ukikosea umeadhirika. Chura alikuwa mwepesi, anakuingia chini ya mkono, anakuchokoza, anarudi. Kulikuwa na pumzi kati ya pigo na pigo, na katika pumzi hiyo ulimsoma mwenzako anawaza nini. Mtu aliyeitengeneza alijua anachofanya, na hilo lilimuudhi Irakoze mpaka akajihisi anatabasamu.

"Mbele huko maji," alisema Taqwa kwenye simu, anachambua. "Ukisukumwa, unaanguka. Lakini Chura iko na miguu mirefu, anaweza kujinyakua kwenye ukingo. Ona, nikienda hapa..."

Akaenda ukingoni, akateleza. Chura akaelea nje ya jabali, miguu juu.

Kidole gumba cha Irakoze kikabonyeza nishike.

Panzi akanyoosha mkono, akamdaka Chura hewani vizuri kabisa kama zamani. Kisha akamzungusha na kumbamiza majini. Kwenye gemu hii kitufe kile kile ndicho cha kutupa. Muziki wa ushindi ukalia, Panzi akaruka kwa furaha, mjinga yule.

Simu iliendelea kurekodi.

"Umenitupa," alisema Taqwa.

"Nilikuwa nakushika."

"Mimi niko naangalia, Ira. Nimeona ulichofanya."

"Kidole kimezoea. Haki ya Mungu, nilikuwa nakushika." Kama ungemuuliza wakati ule, angekula kiapo chochote. Lakini palepale alipoyasema hayo alikumbuka kwamba, Chura alipokuwa hewani, yeye alikuwa anaiwaza Jumatatu.

Taqwa aliizima simu. Alikizungusha kimashine mikononi, bila kumtazama. "Yale maneno nilikwambia ya mawe. Utasema?"

Kumbe naye alikuwa akiyakumbuka. Irakoze alijibu kwa sauti ndogo, "Sijui, dada."

"Baba hakuli. Anaswali, anakaa. Mama anamuuliza, hajibu." Taqwa alichomoa waya upande wake. "Hatujabadilishana. Hukumu haiko leo."

Irakoze alitembea hadi nyumbani na kimashine chake kwenye mkoba wa shule. Alilia njiani, mchana kweupe, bila kujificha.

Jumatatu walifika Minago kwa pikipiki, yeye na Leonsi aliyevaa koti la harusi za watu. Wazee walikuwa wamekwisha fika. Mkubwa wao, Mzee Karoli, alisalimia pande zote mbili kwa unyenyekevu uleule, kisha akasema wataanza kama wanavyoanza siku zote: kwa kulitembea shamba lote, wanaolitaka wote kwa pamoja, bila mtu kusema neno. Maneno baadaye.

Wakatembea kwa mstari mmoja. Mbele wazee, halafu Darwesh na kanzu yake ameikusanya mkononi, halafu Leonsi, halafu Taqwa, na Irakoze nyuma kabisa. Majani yalikuwa yamefika magotini. Irakoze hakuona shamba. Aliona kisogo cha rafiki yake na mtandio, na alikuwa akipanga maneno. Alikuwa ameamua kusema. Angeanza hivi: wazee wangu, nisameheni. Akakaza kitenge chake kiunoni.

Katikati ya shamba, wazee walikata moja kwa moja kupita kwenye nyasi nene. Darwesh akapita. Leonsi akapita. Taqwa alipofika pale akaacha mstari, akapinda kulia, akazunguka nusu duara pana mahali ambapo hapakuwa na kitu ila nyasi, akarudi kwenye mstari upande wa pili na kuendelea.

Mzee mmoja alikuwa amegeuka. Akamgusa Karoli. Wote wakasimama.

"Mwanangu," alisema Karoli, "sababu gani umezunguka hapo?"

Taqwa aliitazama miguu yake. "Pale hatukanyagagi."

"Nani aliwakataza?"

Ndege walisikika ziwani. Irakoze alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, Darwesh aliiachia kanzu yake ikaanguka kwenye matope.

"Ni miye," alisema. "Ni miye niliwakataza. Nilikuta mawe, niliogopa kuyatoa. Niliogopa na kusema."

Wakaleta panga, wakafyeka. Mawe yalikuwapo, yamepangwa kwa mkono, na katikati yake shina la mparachichi lililooza. Leonsi alipiga magoti. Hakumtazama Darwesh vibaya. Aliyashika mawe moja moja kama anayewapapasa watoto. Karoli alisema shauri litaendelea kesho, kwamba kuna namna nyingi za watu wawili kula shamba moja, ila kila mtu pale aliona mzani umelalia wapi. Irakoze alifurahi kwa ajili ya baba yake, na furaha hiyo ilimuuma.

Alimkuta Taqwa barabarani akingojea pikipiki, mkononi ana viatu alivyovivua baba yake pale kwenye mawe, vimejaa matope. Alisimama pembeni yake. Hakujua aanzie wapi, akauliza lile lililokuwa likimchoma.

"Ulisahau, au ulifanya makusudi?"

Taqwa alibandua tope kwenye kiatu kimoja. "Na weye, samedi tulipocheza, ulinishika au ulinitupa?"

Irakoze alitaka kusema alichosema siku ile. Hakikutoka. "Sijui," alisema.

"Mimi pia sijui."

Pikipiki ilikuja. Taqwa alipanda kwa upande, akavipakata vile viatu, na Irakoze akaona kwamba hakuna aliyetaja Jumamosi ijayo. Akauliza kwa haraka, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wakiuliza tangu jana, na kwa sababu hakuwa na neno jingine la kumzuia.

"Ile gemu niwaambie watu nini? Nilitaka kusema ni mbovu."

"Iko muzuri," alisema Taqwa. Alimgusa dereva begani waende. "Sema iko muzuri, Ira. Usidanganye watu."