Nani Atachinja Kuku

Binamu yangu alizaliwa msichana. Kwa miaka sasa anaishi Kitale kama mwanamume na kazi yake ni kuchomelea mageti. Jumapili moja aliniomba nimsindikize kwa mama yake, Bungoma. Alitaka jambo moja tu: apokelewe nyumbani kama mtoto wa kiume. Akanichagua mimi kwa sababu naandika vitabu, eti sikosi maneno.

Nilikwenda nimejaa maneno kweli, maana kikundi chetu cha wasomaji kilikuwa kimebishana juu ya mambo haya hadi chai ikapoa vikombeni.

Tulimkuta mjomba wetu, ametoka kanisani. Nikaanza. Nikamwambia kwamba kwa majirani zetu wa milimani, tangu zamani, mwanamke asiye na mwana aliweza kuoa mke, naye akaitwa mume. Kwamba yule towashi wa Ethiopia, ambaye torati ilimfungia mlango, alibatizwa palepale njiani maji yalipoonekana.

"Towashi hakuomba kuitwa mtoto wa kiume wa mtu," mjomba akasema. "Na hao wa milimani walitafuta mrithi, si suruali. Huyu wako aliingia mtoni mwaka gani? Nani alimwona amepakwa matope, amesimama mbele ya ngariba bila kupepesa?"

Kwetu, mwanaume ni jando, na jando huanzia mtoni, kwenye matope.

"Mjomba," binamu akasema, "ng'ombe wako niliowachunga Naitiri si walinipaka matope ya kutosha?"

Mjomba akacheka bila kupenda. "Nyamaza wewe! Naongea mambo ya Mungu hapa."

Mama mdogo, mama yake binamu, alikuwa akichemsha maji tangu tufike. Sasa alitoka jikoni, kuku mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Kwetu mwanamke hachinji kuku ikiwa mwanaume yuko bomani. Tangu afiwe na mumewe, nimemwona akiacha maji yachemke hadi yakauke, akingoja jirani mwanaume apite. Mjomba akanyoosha mkono. Mama mdogo akampita, akampa mtoto wake kisu.

"Dada, si mimi niko hapa?"

"Wewe una nguo za kanisa."

"Ati nguo!"

"Maji yamechemka, kaka."

Binamu akainama nyuma ya jiko. Mikono inayokata vyuma ilimshika kuku vibaya, mabawa yakawa yanapiga vumbi. Mjomba alivumilia kidogo tu.

"Si hivyo, bana! Kanyaga mabawa. Utamtesa bure." Akakunja suruali, akachuchumaa kando yake. "Vuta shingo. Eeh. Sasa."

Mabishano hayakuisha. Mezani mjomba alikula firigisi, haki yake kama mwanaume mkubwa wa hapo, akatangaza kwamba bado atamwombea huyu mtoto. Mama mdogo akamwambia aombe tu, lakini ugali unapoa. Binamu yangu, damu kidogo kwenye mkono wa shati, alikuwa anafyonza mifupa ya shingo polepole, kama mtu aliye kwao, asiye na haraka ya kwenda popote.